Fundi wa programu aliyetutengenezea mfumo wa duka la spea Moro, maoni yangu baada ya kumtumia muda mrefu

Watu wananiuliza sana tulimpata wapi kijana aliyetutengenezea mfumo wa dukani, na wengine wanauliza kitu cha msingi zaidi, kwamba mtu anayefanya kazi peke yake, hana ofisi, hana bango, anafungua laptopu kwake Sinza, unampaje duka zima? Basi naandika yote hapa, yaliyonifurahisha na yanayonikera, nikiulizwa tena niwe natuma hii tu. Jina lake siweki maana mwenyewe aliomba nisiweke, kazi alizonazo zinamtosha, ila mwenye shida ya kweli aniulize pembeni nitamuunganisha.

Sisi tuna duka la spea za pikipiki na bajaji Morogoro mjini, jumla na rejareja. Duka ni la baba, mimi ndo namsaidia kuendesha, na tuna vijana wa kaunta. Kama unaijua biashara hii unajua shida yake, vitu ni maelfu, vingi vidogo, vinafanana, Boxer ina yake TVS ina yake, beringi moja inaingia pikipiki hii na ile haingii, na nusu ya wateja ni bodaboda wanaochukua leo wanalipa Ijumaa. Ukikosea stoo umekula hasara bila kujua, ukikosea madeni umegombana na mtu unayemuona kila siku.

Kabla yake tulikuwa na mfumo wa kukodi kutoka kampuni moja, siitaji. Unalipia kila mwezi, una grafu za rangi, unapendeza kwa macho, ila kila kitu kinakaa kwao. Mwezi tuliochelewa kulipa tukakuta hatuwezi hata kuona nani anadaiwa, na tulipoamua kuhama tukaambiwa data hazitoki. Orodha ya spea yote, bei za kununulia, madeni, vyote vikabaki huko. Tukarudi kwenye daftari.

Ndo maana nilipokutana na huyu jamaa swali langu la kwanza halikuwa bei, nilimuuliza siku tukigombana inakuwaje. Hakushtuka wala kununa. Akasema hilo ndo tuandikishane kwanza, na kweli lilikuwa ukurasa wa mwanzo wa mkataba: msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, unakaa kwenye akaunti ya duka sio ya kwake, databesi, yaani ghala la taarifa zetu, iko kwenye mashine yetu wenyewe, paswedi zote ziko kwenye bahasha anayo mzee, yaani baba, na muda wowote tukitaka tunabonyeza kitufe mfumo unatoa mafaili ya kawaida yanayofunguka hata kwenye Excel. Halafu ametumia vitu vya bure vinavyojulikana dunia nzima, Python na Django za kuandikia programu, PostgreSQL ya kutunzia taarifa, vyote juu ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, hakuna leseni ya kulipia popote. Django iko wazi kwa kila mtu tangu 2005 na wanaoijua hapa Tanzania ni wengi, kwahiyo yeye akiamua kwenda kulima kesho, fundi mwingine anakaa anaendelea. Sikumwelewa vizuri siku ile, nilielewa baadaye nilipomuomba mdogo wangu anayesoma kompyuta afungue aangalie, akafungua, akasoma, akaweza kubadilisha kitu kidogo bila kumpigia mtu simu. Kila badiliko jamaa analofanya linaandikwa kwenye Git, kile chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya programu alichoanzisha Linus Torvalds, yuleyule wa Linux, na yeye maelezo yake anaandika kwa Kiswahili kabisa, unakuta "nimezuia kuuza chini ya bei ya kununulia mpaka mzee aruhusu", tarehe ipo, sababu ipo. Mimi sio mtu wa kompyuta lakini nasoma naelewa duka langu limefanyiwa nini.

Hii kwangu ndo nyota tano yenyewe, mengine yote yanafuata nyuma.

Sasa kazi. Siku ya kwanza alipokuja hakufungua laptopu. Aliomba kiti akakaa pembeni ya kaunta kuanzia tunafungua mpaka tunafunga, na kidaftari mkononi, anasikiliza tu. Vijana wakaanza kunong'onezana huyu jamaa analipwa kukaa. Jioni akatusomea alichoandika na hapo nikajua tumepata mtu, kwasababu alikuwa ameandika majina. Bodaboda mmoja anaomba shokapu, mwingine anasema shokomzoba, wa tatu anaonyesha kwa kidole, na vitabu vya kampuni vina jina lao la Kiingereza na namba ndefu ambayo hakuna mtu Msamvu anaijua. Mfumo wa mwanzo ulikuwa unalijua lile la kitabu tu, kijana akiandika shokomzoba anaambiwa hakuna, anamwambia mteja hakuna, na mzigo uko stoo umejaa vumbi. Huyu akatengeneza kila spea iwe na majina mengi kadri mnavyotaka na vijana wanayaongeza wenyewe wakisikia jipya. Ukiandika spoketi, sproketi, au cheni seti unafika palepale. Ni kitu kidogo ukikisikia, ila mimi naona hiki ndo kilituongezea mauzo kuliko vyote maana tuliacha kumwambia mtu hakuna wakati kipo.

Na skrini nzima ni Kiswahili. Uza, Pokea Mzigo, Deni, Rudisha, Funga Siku. Nilimuuliza kama hiyo ni gharama ya ziada akacheka akasema watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili tangu 2004, ile Jambo OpenOffice, kwahiyo duka la spea haliwezi kushindikana. Vijana wetu wawili hawajamaliza sekondari na wanautumia bila kuuliza.

Nilichokuwa nimekitaka mimi mwanzoni kilikuwa kingine. Nilitaka apu ya kwenye simu ya mteja, mtu aingie Play Store apakue, achague spea, alipie, apelekewe. Nilikuwa na hela ya hiyo kitu mkononi na nilimwambia. Akaniambia, kaka, mteja wako anakutumia picha ya spea iliyovunjika WhatsApp na anakuuliza unayo, hataki kupakua kitu, hana bando la kupakua kitu, hii hela weka kwenye stoo kwanza. Nikambana kidogo, akasema ukiitaka sana nitakutafutia mtu mwingine aifanye ila mimi siwezi kuchukua hela yako kwa kitu ninachojua hakitatumika. Fikiria fundi anakataa kazi kubwa anachukua ndogo. Mpaka leo wateja wanatuma picha WhatsApp.

Upande wa intaneti na umeme ndo alipoonyesha kwamba anajua anamtengenezea nani. Tulianza mwanzoni mwa 2024 na mgao ulikuwa bado unatusumbua. Akatununulisha kompyuta ndogo ya mtumba, ile ya mezani isiyo na makelele, akaweka Linux, akaiunganisha na UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, ikakaa juu ya kabati nyuma ya kaunta. Hiyo ndo sava, kompyuta inayohudumia nyingine zote. Simu za vijana na laptopu yangu zinaongea nayo kwa waifai ya palepale dukani, haziendi nje kokote. Usiku intaneti ikiwepo inatuma nakala ya data nje, isipokuwepo inasubiri, hakuna mtu anayejua tofauti. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikaanza kusuasua, Jumatatu yake nilifungua duka nikauza kama kawaida, madeni naona, stoo naona, wakati jirani yangu mwenye mfumo wa mtandaoni alikuwa anaandika kwenye karatasi za maboksi. Siku zile nilizunguka kwa majirani kuangalia nani anafanya kazi na nani amekwama, na nilimpigia jamaa simu kumshukuru tu, sikuwa na shida yoyote.

Nakala nazo ana msimamo wake, anasema nakala ambayo hujawahi kuirudisha sio nakala. Ziko sehemu tatu, moja kwenye sava, moja kwenye diski mzee anaondoka nayo nyumbani, moja nje kwenye sava ya kukodi ambayo tunailipia wenyewe kama dola 6 kwa mwezi. Kila anapokuja anachukua laptopu tupu, anairudishia nakala ya jana yake mbele yetu, tunafungua tunaona duka zima limeamka pale. Hakuna kampuni iliyowahi kunifanyia hivyo.

Kuhusu malipo ya simu nilidhani ataniambia tuunganishe moja kwa moja na mitandao. Akaangalia miamala yetu akasema kwa duka la ukubwa huu Lipa Namba inatosha, shida yenu ni mteja kuonyesha meseji ya zamani au ya kutengeneza. Kwahiyo akaweka kitu rahisi tu, kijana anaandika namba ya muamala, na namba ikishaingia mara moja haiingii tena milele. Halafu mauzo hayafungi mpaka mwenye simu ya duka abonyeze kwamba hela ameiona kwenye simu yetu sio kwenye simu ya mteja. Tangu hapo ule mchezo umekufa.

Kwenye madeni tulibishana. Nilitaka mfumo uweke namba ya NIDA na picha ya kitambulisho cha kila bodaboda anayekopa, si ndo usalama wangu? Akakataa, akanieleza kwa upole kabisa kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023 na ina Tume yake, na ukikusanya taarifa za watu wewe ndo unabeba wajibu wa kuzitunza, sasa ile kompyuta ya juu ya kabati ikiibiwa na vitambulisho vya bodaboda wote wa Moro utawaambia nini? Akauliza, mtu akishindwa kukulipa huwa unampataje. Nikasema naenda kijiweni kwake. Akasema basi hifadhi jina, simu na kijiwe. Na ndo hivyo imekaa, na kwa kweli hakuna siku nimeikosa ile NIDA.

Mzee wangu sasa. Hapa nitaandika kirefu maana bila mzee mfumo huu ungekufa kama ule wa kwanza. Baba ameendesha duka kwa daftari miaka mingi, bei anazo kichwani, na alishasema wazi kwamba mambo ya kompyuta ni ya kwetu yeye asihusishwe. Jamaa alipofika mara ya kwanza akamsalimia, shikamoo mzee, marahaba, ndo wewe wa mitambo? ndiyo mzee, haya karibu, ikaishia hapo, mzee akatoka nje kwenye kibaraza ambako ana bao lake na wenzake. Siku nyingine mchana jamaa akatoka kunyoosha miguu akawakuta wanacheza, akasimama, hakusema kitu, akachuchumaa. Baada ya muda akamuuliza mzee mbona hukulala nyumba pale, yaani mbona hukusimamisha zamu yako kete zilipoishia kwenye nyumba, lile shimo maalumu. Mzee akageuka akamwangalia. Kijana wa kompyuta anayejua kulala nyumba! Akamkalisha, wakacheza, mzee akamfunga vizuri tu, wakarudia, akamfunga tena, na jioni ile basi la kurudi Dar jamaa alilikosa.

Kumbe bao ndo kitu anachokipenda kuliko vyote nje ya kazi. Alifundishwa na babu yake, na kwa muda wake wa jioni ameandika programu ya kucheza bao la Kiswahili kwenye simu, mashimo 32, kete 64, unaanza na 22 mkononi unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, yote kama inavyotakiwa. Haiuzi, haina matangazo, msimbo wake uko wazi kwa yoyote. Akamwekea mzee kwenye simu. Siku chache mzee ananiita, mpigie yule kijana, hii kitu yake haijui bao. Nini mzee? Kwenye kunamua kete zikifika nyumba mchezaji ana hiari ya kulala au kusafiri, yaani kuendelea, yenyewe inasafiri bila kuuliza. Nikampigia, nikampa mzee simu, na nilimsikia jamaa upande wa pili anasema naam mzee, naam, hebu rudia hapo niandike. Wiki iliyofuata imerekebishwa, na kwenye ukurasa wa programu, sehemu ya waliosaidia, mzee ametajwa kwa jina analoitwa kibarazani. Akawaonyesha wenzake wote.

Baada ya hapo mzee ndo akauliza kwa mara ya kwanza, na hii ya dukani nayo naweza kuikosoa? Jamaa akasema hiyo ndo naisubiri mzee. Akaja akakaa naye, na aliyoyasema mzee siku ile sisi vijana tusingeyasema. Kwamba bei ya spea sio moja, kuna bei ya kuanzia na bei ya mwisho, na mteja wa miaka kumi hapewi bei ya mpita njia. Kwamba fundi wa pikipiki anayeleta wateja ana chake. Kwamba mtu akirudisha spea iliyofunguliwa kwenye boksi unaipokea ila hairudi kwenye rafu ileile. Kwamba deni la mtu aliyefiwa halidaiwi wiki ile. Yote yako kwenye mfumo sasa, hata hilo la msiba, kuna kitufe kinaitwa Subiri, ukikibonyeza jina lake haliji kwenye orodha ya kukumbushwa mpaka muda upite. Leo mzee ndo anafunga siku mwenyewe jioni, anavaa miwani, anabonyeza, anahakiki na hela ya droo.

Nimekaa nikafikiria kwanini kijana huyu yuko hivi na nadhani ni kwasababu amekulia kwenye kazi za kushirikiana. Alipokuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Ardhi aliingia kwenye Ramani Huria, ile kazi iliyoanza 2015 ya kuchora ramani za kata za Dar zinazofurika, wanafunzi na wakazi wanatembea mtaa kwa mtaa wanaandika mitaro, vichochoro, nyumba, na yote yanaingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni, ambako mtu yoyote anaitumia bure. Mpaka leo hajaacha. Akija Moro siku ya mwisho lazima aombe ruhusa apande kuelekea Morningside, kule mlimani Uluguru, anarudi na vumbi, na njia za miguu alizopita anaziweka kwenye ramani usiku uleule. Dar ana baiskeli, Jumamosi anaenda nayo mpaka Bagamoyo. Aliniambia ukikaa kwenye kiti wiki nzima unaanza kudhani dunia nzima ina kiti na meza kama wewe, na unatengeneza vitu vya watu wenye viti na meza. Hilo neno nimekaa nalo sana.

Na kuna kazi hazigusi kabisa. Za kubeti hagusi. Aliwahi kufuatwa na watu wa mikopo ya kwenye simu, zile apu zinazochukua majina yote ya kwenye simu yako halafu ukichelewa siku mbili wanampigia mama mkwe wako wanakutukana, hela waliyomtajia ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko yetu, akakataa. Novemba 2024 Benki Kuu walipotoa orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni nilimtumia, akanijibu tu kwamba mdogo wake wa kike alishapitia hayo. Wala mfumo wa vitabu viwili, kimoja cha kweli kingine cha TRA, hatengenezi, hilo analisema siku ya kwanza kabisa ili msipotezeane muda.

Haya, yanayokera sasa, maana yapo.

La kwanza muda wake. Simu anazima saa 12 jioni na wikiendi hapatikani. Kuna Jumamosi ripoti ya mwezi iligoma kufunguka na mimi nilikuwa naitaka Jumapili nikakae na mtu wa mzigo, nikapiga, nikatuma meseji, kimya, yuko njiani kuelekea Bagamoyo na baiskeli yake. Alijibu Jumatatu asubuhi, akarekebisha haraka, akaomba radhi, ila mimi Jumapili nilienda kwenye kikao mikono mitupu. Duka lilikuwa linauza vizuri, ni ripoti tu, na kwenye mkataba saa zake zimeandikwa, lakini duka letu linafungua Jumamosi na pikipiki haziharibiki siku za kazi peke yake. Tumezungumza, sasa kuna namba ya dharura ambayo ni kwa jambo moja tu, mauzo yakisimama, na inalipiwa ukiitumia. Bado naona haitoshi kwa mwenye biashara kubwa kuliko yetu. Ukitaka mtu wa usiku na mchana huyu sio wako.

La pili, mfumo wake haupendezi. Rangi ya kijivu na nyeupe, maandishi makubwa, basi. Mdogo wangu alimwambia usoni kwamba kwa hela ile alitegemea kitu chenye mvuto. Anajitetea kwamba vijana wanatumia simu za bei ndogo, skrini imepasuka, jua linapiga, kwahiyo kinachotakiwa kusomeka kisomeke. Anachosema nakielewa, lakini duka ni biashara na mteja anaona skrini yetu pale kaunta, kidogo cha urembo kisingemuua.

La tatu, EFD. Mfumo wake haujaungana na mashine ya risiti ya TRA kwahiyo kijana anaingiza mauzo kwenye mfumo halafu anaingiza tena kwenye mashine, foleni ikiwa ndefu hii inachosha sana. Alituambia mapema kwamba kuunganisha kihalali lazima ipitie mfumo ulioidhinishwa na TRA, ina gharama zake na taratibu zake, na hataki kufanya kwa njia za panya. Sawa, ila mashine hizi zipo nchini tangu 2010, mtu anayetengenezea maduka mifumo angekuwa ameshalipatia jibu hili kabla mteja hajauliza. Mimi kwa hili peke yake ningemkata nusu nyota.

Na alichelewa. Alisema kazi itaisha ndani ya wiki tano, ikapita. Tofauti yake na wengine ni kwamba alituambia kabla, akaeleza ni kipi kimemchukua muda, ilikuwa ni kuhamisha yale madaftari ya mzee, na hakuongeza hata mia.

Bei je. Sio wa bei rahisi. Tulilipa shilingi 3,800,000 kwa awamu tatu, ya kwanza kuanza, ya pili mfumo ukiwa unauza kweli dukani, ya tatu baada ya kukaa nao mwezi bila hitilafu kubwa. Risiti anatoa, TIN anayo. Kompyuta ya mtumba, UPS na ruta tulinunua wenyewe. Hakuna ada ya kila mwezi kwake, marekebisho ya makosa yake ni bure, ila kitu kipya kisichokuwa kwenye makubaliano analipisha kwa saa hata kiwe kidogo kiasi gani, na ukimwambia si dakika tano tu hii anakuonyesha kwa utaratibu kwanini sio dakika tano. Wapo wanaofanya kwa laki sita, nawajua, na wapo kampuni zitakutajia milioni 15 na laptopu za zawadi. Mimi nikijumlisha tulichokuwa tunalipa kila mwezi kule kwa kukodi, hii ilishajirudisha.

Mwongozo wa kutumia ameuandika kwa Kiswahili na picha, tumeuchapisha, umening'inia kwa kamba pembeni ya kaunta na kijana mpya anaanza nao.

Ukitaka kumtumia jiandae hivi: usiende na orodha ya vitufe unavyovitaka, nenda na madaftari yako yalivyo, machafu hivyohivyo, na mruhusu akae dukani kwako siku nzima. Kama una mtu mzima kwenye biashara anayepinga, usimfiche, mkutanishe naye mapema. Na muulize kuhusu EFD kabla hujasaini. Anachukua mteja mpya mmoja kwa wakati kwahiyo kuna foleni, sisi wenyewe tunataka kufungua tawi Ifakara na maduka mawili yaone stoo moja hata mtandao ukikatika katikati, tumemwambia, akasema hilo sio jepesi, kuna hatari maduka mawili yakauza beringi moja ya mwisho kwa wakati mmoja, anataka kwanza aje akae Ifakara aone mtandao wa kule ukoje. Ametuweka baada ya zahanati moja anayoimalizia Kilosa.